Wazee wa Kanisa na Wazee wa Mila: Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, Mgogoro wa 1929 na Swali Lake kwa Kemambo

1. Utangulizi

Katika Kata ya Kemambo, wilayani Tarime, neno mzee lina uzito ambao kamusi haiutoshelezi. Mzee ni mtu wa umri, lakini si kila mtu wa umri ni mzee. Katika pande zote mbili za Mto Mara, Tarime na Serengeti, mambo ya mifugo iliyoibwa, ya mipaka ya mashamba na ya jando yameamuliwa kwa muda mrefu na vikao vya watu wanaoitwa kwa jina hilo. Wakurya hutofautisha iritongo, ambao ni mkutano wa hadhara, na inchama, ambacho ni kikao cha faragha cha wazee wachache wa kila ikiaro, wenye dhamana ya mambo ya mila. Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakurya katika miaka ya 1950, aliitambua tofauti hiyo, na mtu aliyekulia upande wa Nyamongo, kama mwandishi wa insha hii, hahitaji kitabu ili kuijua. Iritongo huonekana. Inchama hujulikana kwa maamuzi yake.

Insha hii inahusu kanisa ambalo jina lake lenyewe limetokana na neno mzee. Presbyteros kwa Kigiriki ni mzee, na Kanisa la Kipresbiteri, likitafsiriwa neno kwa neno, ni kanisa la wazee. Hata hivyo, Mara si nchi yake. Msomaji wa Tarime anawafahamu Wamenonaiti, waliofika Shirati mwaka 1934 na kujenga baadaye kituo katika nchi ya Wanyabasi. Anawafahamu Wakatoliki, Wasabato, Waanglikana na waumini wa African Inland Church. Mpresbiteri kwake ni mtu wa upande wa pili wa mpaka, wa Kiambu, Nyeri au Meru. Kwa sababu hiyo insha inavuka mpaka kwenda Kenya, kisha inarudi.

Utangulizi wa kanisa lolote huanza kwa kawaida na mmisionari mwanzilishi au na ungamo la imani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kanisa hili linaeleweka vizuri zaidi likianzia kwenye benchi la wazee wake, na kwamba mgogoro wa tohara ya wasichana wa 1929, ambao husimuliwa kama ugomvi wa wamisionari na Wakikuyu, ulikuwa pia ugomvi wa wazee na wazee. Mtu wa Kemambo ana sababu ya kulifuatilia jambo hilo. Uamuzi uliolikabili benchi la Tumutumu mwaka ule unalikabili kila kanisa la Tarime mwezi wa Desemba unapokaribia.

2. Sababu ya uchache wa Wapresbiteri nchini Tanzania

Sehemu hii haihitaji maelezo marefu. Ramani ya makanisa ya Kiprotestanti ya Tanzania ilichorwa kwa sehemu kubwa wakati wa utawala wa Wajerumani, na misheni zilizopata maeneo makubwa bara zilikuwa za Kilutheri na za Kimoravian, pamoja na zile za Kianglikana zilizotangulia. Waskoti, ambao ndio walioleta Upresbiteri katika sehemu hii ya Afrika, walikuwa Blantyre na Livingstonia upande wa Ziwa Nyasa, na baadaye Kenya. Walipata nafasi moja tu ya maana huku kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani katika nyanda za juu kusini, Waskoti wa Livingstonia waliingia Rungwe na maeneo ya jirani kuzitunza sharika zilizoachwa. Katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, nao Waskoti wakawarudishia kazi yao. Waumini wale walibaki kuwa Wamoravian na Walutheri. Hivyo Tanganyika ikakosa kanisa kubwa la wazee, ingawa kwa miaka michache ilikuwa imelionja.

3. Benchi na utaratibu wake

Utaratibu wa Kipresbiteri ulipata umbo lake Geneva, ambako John Calvin alipitisha kanuni za kanisa mwaka 1541 zilizotambua huduma nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi. John Knox na wenzake waliupeleka Scotland, ambako Bunge liliikataa mamlaka ya Papa mwaka 1560. Ungamo la Westminster la miaka ya 1640 ndilo lililoweka mafundisho yake kwa maandishi: ukuu wa Mungu katika wokovu, mamlaka ya Maandiko, sakramenti mbili tu. Hayo yote ni ya msingi, lakini Mprotestanti wa Mara atayakuta kwa namna moja au nyingine katika makanisa mengine anayoyajua. Asilolikuta ni namna kanisa hili linavyotawaliwa.

Kanisa la Kipresbiteri halina askofu. Ushirika wa mahali huongozwa na baraza la wazee waliochaguliwa na waumini na kuwekwa wakfu, mchungaji akiwa mwenyekiti wake. Juu ya mabaraza hayo kuna Presbiteri, inayokutanisha wachungaji na wazee wa eneo, na juu ya Presbiteri kuna Mkutano Mkuu. Mwenyekiti wa Mkutano Mkuu huitwa Moderata, naye hushika nafasi hiyo kwa muda maalumu, kisha humwachia mwingine. Baraza la wazee ndilo linalopokea waumini wapya, linalotembelea nyumba kabla ya Meza ya Bwana, na linalomwita mtu aliyekosa. Mtu huyo husikilizwa. Akionekana na hatia huzuiwa kushiriki Meza kwa muda, na akitubu hupokelewa tena. Asiporidhika anaweza kukata rufaa kwenye Presbiteri. Ni utaratibu wa polepole, na wakati mwingine unachosha. Mazungumzo ya kikao hayatangazwi, na kwa jambo hili benchi linafanana na inchama zaidi kuliko na iritongo.

Tofauti hii ya utawala si jambo dogo, na historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu kujadili umoja, na mwisho wa mkutano wakashiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti, maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda wakiwamo. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki wenzake hao wawili kwa uzushi. Pamoja na mambo mengine, swali lilikuwa kama kanisa lisilo na askofu ni kanisa kamili. Ugomvi huo ulifika Canterbury na kujaza magazeti ya Uingereza, wakati ambapo Wakikuyu wengi wa Thogoto walikuwa bado katika darasa la ubatizo.

4. Kutoka Kibwezi hadi Thogoto

Misheni iliyozaa kanisa hili ilianza Kibwezi mwaka 1891 kwa fedha za Sir William Mackinnon na wenzake wa Kampuni ya Imperial British East Africa. Kiongozi wa safari ya kwanza alikuwa Dk. James Stewart wa Lovedale, Afrika Kusini. Kibwezi iliwashinda kwa homa na vifo, na mwaka 1898 Thomas Watson aliihamishia misheni Kikuyu. Watson alifariki mwaka 1900. Mjane wake, Minnie Watson, alibaki kufundisha hadi mwaka 1931. Mwaka 1901 Kanisa la Scotland liliipokea misheni rasmi, na David Clement Scott akaja kutoka Blantyre kuiongoza. Jina Thogoto, kama linavyoelezwa na wenyeji, ni Scotland katika matamshi ya Kikikuyu. Tumutumu ikafuata upande wa Nyeri, kisha Chogoria upande wa Meru.

Hadi hapa simulizi ni la wageni, na wanahistoria wengi wamelikamilisha hivyo. Kwa mtafiti wa utawala wa kanisa, mwaka wa kuutazama ni 1920, ilipoundwa Presbiteri. Kuanzia hapo Mwafrika aliyekuwa mzee wa kanisa alikuwa na kiti na kura. Mwaka 1926 waliwekwa wakfu wachungaji wa kwanza Wakikuyu, miongoni mwao Musa Gitau na Benjamin Githieya. Wapresbiteri wa Kikuyu hawakuazima neno la Kiingereza kuliita baraza la wazee. Waliliita kiama, neno lile lile lililotumika kwa mabaraza ya wazee wa mila.

Kwa jina hilo kanisa lilipata faida na mtego kwa pamoja. Faida ni kwamba muumini alielewa mara moja kilichokusudiwa: watu wazima wenye heshima wanaoketi, wanaosikiliza na wanaoamua. Mtego ni kwamba sasa kulikuwa na viama viwili katika nchi moja. Katika kiama cha mila mtu alipanda ngazi kwa kutoa mbuzi na kwa kuwa na watoto waliofikia umri wa kutahiriwa. Katika kiama cha kanisa alichaguliwa na ushirika, ambamo kijana aliyesoma aliweza kumtangulia baba yake. Mzee wa mila aliyemwona mtoto wa jirani yake akiketi kiamani bila kutoa hata mbuzi mmoja alikuwa na haki ya kushangaa.

5. Mwaka 1929

Misheni ilifundisha dhidi ya tohara ya wasichana tangu muongo wa kwanza wa karne ya 20, hasa kwa sababu za kitabibu. Mwezi Machi 1929 wawakilishi wa makanisa walikutana Tumutumu. Wajumbe wengi walikuwa Waafrika. Walikubaliana kwamba desturi hiyo ni mbaya na inapaswa kuachwa, na walio wengi wakaunga mkono kwamba muumini anayeishiriki aadhibiwe na kanisa. Kikao hiki hupewa aya moja katika vitabu vingi, au hakitajwi kabisa. Lakini bila kikao hiki mwaka 1929 haueleweki. Wajumbe wale hawakuwa wakalimani wa wazungu. Walikuwa wazazi wenye mabinti, na kila mmoja alijua kwamba binti asiyetahiriwa angekosa mume, na kwamba yeye mwenyewe angechekwa sokoni.

Robert Macpherson, aliyeandika historia ya kanisa hili mwaka 1970, aliwapa wazee hao nafasi yao, ingawa msomaji makini atakumbuka kwamba naye alikuwa mhudumu wa kanisa hilo hilo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliitetea desturi kama kiungo kinachoshikilia muundo mzima wa jamii. Kati ya maandishi haya mawili wazee Wakristo waliopinga desturi kwa dhamiri yao hubanwa katikati. Kwa upande mmoja ni matunda ya misheni. Kwa upande mwingine ni vibaraka.

Kilichofuata baada ya Machi ndicho kilichoharibu. Chama cha Kikuyu Central Association kilipinga msimamo wa misheni, naye Dk. John Arthur, kiongozi wa misheni ya Thogoto, akaona kwamba sasa suala limekuwa mtihani wa utii. Kufikia Oktoba walimu na waumini walitakiwa kutia sahihi, au alama ya kidole gumba, kwenye tamko la kuikana tohara ya wasichana na kujitenga na chama hicho. Tamko hilo likaitwa kirore, yaani alama ya kidole. Makanisa yalitawanyika. Thogoto ilipoteza sehemu kubwa ya washiriki wake wa Meza katika muda mfupi sana, na shule za vijijini zikabaki na madawati matupu. Vijana waliimba na kucheza muthirigu wakiwakejeli wamisionari na wazee wao, hadi serikali ilipoupiga marufuku mwanzoni mwa 1930.

Kwa nini alama ya kidole iliuma kuliko azimio la Tumutumu, ilhali vyote viwili vilidai jambo moja? Jibu la mtafiti lina sehemu mbili. Kwanza ni kidole chenyewe. Kila mwanamume Mkikuyu wa umri wa kazi alikuwa amekwisha kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kipande, hati aliyolazimika kuibeba kuanzia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Kidole kwenye karatasi ya mzungu kilimaanisha kazi, kodi na amri. Tena nchi ilikuwa inapoteza ardhi, na uvumi kwamba anayetia kidole anatia saini ya kutoa shamba lake haukuhitaji mchochezi. Arthur alikuwa pia mjumbe wa Baraza la Utendaji la Koloni akiwakilisha maslahi ya Waafrika, nafasi aliyojiuzulu mwishoni mwa mwaka huo. Kwa masikio ya mtu wa kijijini, sauti ya kanisa na sauti ya serikali zilitoka kinywa kimoja.

Sehemu ya pili inahusu utaratibu wa kanisa lenyewe, na hapa ndipo insha inapotofautiana na maelezo yaliyozoeleka. Kirore hakikuwa cha Kipresbiteri. Adhabu ya kanisa, kama ilivyoelezwa hapo juu, huanza na kosa la mtu mmoja, husikilizwa na watu wanaomjua, na huacha mlango wa kurudi. Karatasi ya kidole ilimhukumu mtu kabla hajakosa. Ilichanganya desturi ya mwili na uanachama wa kisiasa, kana kwamba mtu hawezi kuikataa ya kwanza na kuutaka wa pili. Iliwaruka wazee. Benchi lililojadili kwa siku nyingi mwezi Machi lilijikuta mwezi Oktoba likisimamia orodha. Kwa sadfa, tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo, Edinburgh, Kanisa la Scotland na United Free Church yaliungana tena na kuponya sehemu kubwa ya mfarakano ulioanza mwaka 1843, mfarakano uliohusu haki ya waumini kutochaguliwa mchungaji na bwana wa ardhi.

Waliotoka hawakuacha Ukristo. Walianzisha shule huru na makanisa huru katika miaka ya 1930, na kwa ajili ya kuwekewa mapadri wao walimpokea mwaka 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, wa African Orthodox Church. Inastahili kuangaliwa kwamba watu waliolikimbia kanisa la wazee walimtafuta askofu.

Katika kelele zote hizo benchi lilikuwa na upungufu ambao hakuna upande uliousema: halikuwa na mwanamke hata mmoja. Sauti yao ilitoka nje ya benchi. Tumutumu kulikuwa na kundi la wanawake na wasichana Wakristo lililoitwa Ngo ya Tuiritu, yaani Ngao ya Wasichana. Mwaka 1931 kundi hilo liliandika barua kwa Baraza la Wenyeji la Nyeri Kusini, likipinga tohara ya wasichana na kuhoji kwa nini wanaume, wasiozaa, ndio wanaolizungumzia jambo hilo. Wazee wa kanisa na wazee wa mila, kwa mara moja, waliwekwa katika kundi moja.

6. Baada ya mgogoro

Kanisa lilijengeka upya polepole. Mwaka 1956 sharika za Waafrika na za walowezi ziliunganishwa chini ya Mkutano Mkuu mmoja, na Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, lijulikanalo kama PCEA, likasimama. Mwaka 1961 Charles Muhoro Kareri alikuwa Moderata wa kwanza Mwafrika. John Gatu, katibu mkuu tangu 1964, aliongoza kampeni ya Jitegemea, na mwaka 1971 akawashangaza Wamarekani mjini Milwaukee kwa kupendekeza kwamba kutuma wamisionari na fedha kusimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Msomaji wa Tanzania atasikia mwangwi wa Azimio la Arusha, ingawa Gatu alikuwa na sababu zake za ndani: kanisa lililowahi kukimbiwa kwa sababu ya karatasi ya mgeni lilikuwa na kumbukumbu yake. Mwaka 1982 Nyambura Njoroge aliwekwa wakfu, mchungaji wa kwanza mwanamke katika kanisa hilo.

7. Kurudi Kemambo

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachofanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Esaro, hata hivyo, haikusubiri ruhusa ya Dodoma. Mwaka wa kutahiri na siku ya kuanza huamuliwa na wazee wa mila, na msimu wake ni Desemba, shule zinapofungwa. Makanisa ya Mara yamejibu kwa kujenga mahali pa kukimbilia. Masanga, wilayani Tarime, kituo cha Wakatoliki kimepokea wasichana kwa miaka mingi, na Mugumu, wilayani Serengeti, nyumba salama ilianzishwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana.

Nyumba hizi zimeokoa wasichana, na insha hii haina nia ya kupunguza thamani yao. Lakini ni kazi za makanisa yenye maaskofu, na hata Wamenonaiti wa Mara wana askofu tangu Zedekia Kisare alipowekwa wakfu mwaka 1967. Askofu hutoa tamko na kujenga nyumba. Januari inapofika, msichana hurudi kijijini, na kijijini hakuna askofu. Kuna baba yake, ambaye huenda ni mzee wa kanisa Jumapili na mtu wa ikiaro chake siku sita zilizobaki. Azimio la Tumutumu la Machi 1929 lilipitishwa na watu wa aina hiyo, wakijua bei yake. Kirore cha Oktoba kilidai jambo lile lile kwa karatasi, na kikavuna mashamba matupu ya Thogoto. Ikilinganishwa hivyo, wazee wa Machi walikuwa na jambo ambalo tamko, sheria na karatasi havina: walikuwa majirani wa watu waliowaamulia.

Ndiyo maana uchunguzi wa uwandani katika tasnifu hii hautaanza na viongozi wa dayosisi. Utaanza na wanaume wa Kemambo wanaoketi katika vikao viwili, cha kanisa na cha mila, ili kujua wanasema nini katika kila kimoja, na kama maneno hayo yanafanana. Wake zao watahojiwa kando, siku nyingine, kwa sababu barua ya Ngo ya Tuiritu isingeandikwa mbele ya benchi.